Shajara ya mradi: kidahizo cha "expose"

Siku ya 1

Nimefika herufi E. Kamusi hii ndogo ya Kiingereza na Kiswahili ninaiandaa kwa ajili ya wafasiri, na ni ya vitenzi tu, vile vinavyotusumbua. Vingi huchukua siku moja. "Expose" nimekitengea wiki mbili tangu mwanzo, kwa sababu nina deni nacho.

Miaka iliyopita nilifasiri kipeperushi cha afya. Kilimhusu mtu aliyekutana na virusi vya UKIMWI kwa bahati mbaya, kama muuguzi aliyejichoma sindano iliyokwisha kutumika, na kilimhimiza aanze dawa za kinga mapema iwezekanavyo, zisipite saa 72. Kiingereza kilimtaja mtu huyo kwa kitenzi hiki, katika umbo la kutendwa. Nikafungua kamusi, nikaikuta "fichua" imekaa ya kwanza, nikaandika "watu waliofichuliwa". Kikachapwa. Wiki chache baadaye muuguzi mmoja akanipigia simu.

"Kaka," akasema, "hawa waliofichuliwa walifanya kosa gani? Kuna mama amekisoma, kaniuliza majina yanabandikwa wapi."

Sikuwa na jibu. Mtu anayehofia jina lake kubandikwa ukutani haji kliniki, na saa 72 hazimngoji. Ndiyo maana kadi zangu 58 za sentensi ziko mezani usiku huu.

Siku ya 2

Nimezipanga kadi kwa marundo bila kuangalia kamusi yoyote, kwa kusoma tu na kujiuliza kinachotokea ndani ya sentensi. Rundo kubwa ni la siri na maovu: rushwa, uongo, wizi. La pili, ambalo sikutarajia liwe kubwa hivyo, ni la magonjwa na kemikali. Kuna la jua, baridi na upepo. Kuna la picha. Kuna kadi za mtu kuonyesha mwili wake mbele za watu, za waya na nondo, za fedha za benki, za programu za kompyuta, za watoto wanaokua wakisikia lugha mbili. Na kuna kadi moja iko peke yake: mtoto mchanga aliyeachwa porini.

Baada ya hapo ndipo nikafungua kamusi nilizo nazo. Nyingi hutoa mfululizo: fichua, funua, onyesha, weka wazi, anika, umbua, hatarisha. Maneno yote ni ya kweli, hakuna la uongo hata moja. Ila yamepangwa na mkato katikati, na mkato kati ya maneno mawili humwambia mfasiri aliyechoka kwamba yanalingana, achukue lolote. Kwa kawaida huchukua la kwanza. Mimi nililichukua.

Siku ya 4

Siku mbili nzima nimezama katika kauli ya kutendua, na sijutii.

Kiswahili kina njia yake ya kuunda vitenzi vya kufunua: kinachukua tendo na kulirudisha nyuma kwa kiambishi -ua au -oa. Ziba, zibua. Kunja, kunjua. Fumba, fumbua. Fukia, fukua. Ezeka, ezua. Chomeka, chomoa. Vaa, vua. Ndani ya kila kimoja kuna tendo la kwanza lililotangulia. Huwezi kuzibua kisichozibwa, na upepo hauezui nyumba isiyoezekwa. "Fichua" nayo ni mtoto wa "ficha". Anayesikia "fichua" tayari amesikia kwamba kuna aliyeficha.

Hapo ndipo penye kosa langu la miaka ile. Kwa sikio la Mswahili, "waliofichuliwa" ni watu waliokuwa wamejificha au wamefichwa, kisha wakatolewa. Yule mama hakukosea kusoma. Alisoma sawasawa kile nilichoandika.

Nikajitengenezea kipimo cha swali moja: nani alikuwa amekificha? Nikapita nacho kadi zote 58. Rushwa: wala rushwa waliificha, kwa hiyo fichua inakaa. Uongo wa mtu: yeye mwenyewe aliuficha, inakaa. Ngozi na jua: hakuna aliyeficha. Muuguzi na sindano: hakuna. Mwamba uliobaki wazi baada ya udongo kuchukuliwa na maji: hakuna. Bamba la picha na mwanga: hakuna. Zaidi ya nusu ya kadi zimeanguka kipimo. Neno ambalo kamusi zinaliweka la kwanza linafaa chini ya nusu ya matumizi niliyoyakusanya.

Kipimo kimenisaidia pia mahali ambapo sikukipeleka. Tumezoea kusoma "utafiti wafichua" kuhusu jambo ambalo hakuna aliyewahi kulificha, kwa mfano tabia fulani ya nyuki. Nyuki hawakuficha kitu. Utafiti umegundua, au umebaini. Nikiona "utafiti wafichua" nataka kumwona na mfichaji, labda kampuni iliyoyakalia matokeo yake yenyewe. Asipokuwepo, kichwa cha habari kimemzulia mtu hatia.

Siku ya 5

Asili ya neno. Kilatini ni "exponere": "ex" ni nje, "ponere" ni kuweka. Kuweka nje, basi. Hakuna kuficha humo wala kufunua. Wafaransa walikuwa na kitenzi kingine, "poser", kilichotoka kwenye Kilatini cha kutulia na kupumzika, "pausare". Viwili hivi vikachanganyikana vinywani mwao, na umbo lililoingia Kiingereza karne ya 15 likawa limevaa sura ya "poser" huku limebeba maana ya "ponere". Mzazi huyohuyo wa Kilatini alizaa pia "expound", yaani kueleza jambo kwa kirefu: kuweka mawazo nje, mtu ayaone.

Na ile kadi iliyokuwa peke yake imepata ndugu. Kumwacha mtoto mchanga nje afe au aokotwe ndiyo moja ya maana za kale kabisa za kitenzi hiki. Oedipus wa hadithi za Wagiriki aliachwa hivyo mlimani Kithairon. Romulus na Remus walitupwa hivyo mtoni Tiber. Kusini mwa Italia, watoto walioachwa mlangoni pa nyumba za kulelea yatima walipewa jina la ukoo Esposito, yaani aliyewekwa nje. Mpaka leo ni moja ya majina yanayosikika sana Napoli. Watu wanalibeba, wanasaini nalo hundi na vyeti vya ndoa, na ndani yake kuna mtoto aliyewekwa kizingitini usiku.

Kwa Kiswahili mtoto huyo ametupwa, na aliyempata amemwokota. Hatuna haja ya neno lingine. Ila nimeibakiza kadi hiyo mbele yangu kwa sababu inaonyesha mfupa wa kitenzi kuliko zote: kitu kimetolewa kwenye kinga, kikawekwa mbele ya kitu kingine. Mbele ya baridi, fisi, macho, jua. Swali la pili la kipimo changu ni hilo: kimewekwa mbele ya nini?

Siku ya 6

Marundo madogo, leo nimeyapitia haraka.

Waya: waya uliochubuka, au waya ulio wazi. Nondo: zimetokeza kwenye zege. Mizizi ya mti baada ya mmomonyoko: imebaki wazi, na wapo wanaosema imebaki uchi, nami naipenda hiyo. Programu: mwandishi wa programu anaweka sehemu fulani wazi ili programu nyingine ziitumie, "weka wazi" inatosha, na waandishi wa programu ninaofahamiana nao ndivyo wanavyosema. Benki: kiasi ambacho benki inaweza kupoteza mkopaji akishindwa kulipa. Hilo nimeliandika kwa urefu wake, kwa sababu kila neno moja nililolijaribu lilificha hesabu. Mtu kuonyesha mwili wake mbele za watu: kujionyesha uchi hadharani.

Watoto na lugha: "wamekulia ndani ya lugha mbili". Na mtu aliyesafiri na kukutana na mengi tunasema ameona mengi, au ametembea. Methali yenyewe inasema tembea uone. Kiingereza kinamweka mtu mbele ya dunia. Kiswahili kinamtuma akaione. Mtendaji amegeuka, na mfasiri lazima ageuke naye.

Siku ya 8

Picha. Nilidhani hili lingenichukua saa moja.

Mwaka 1826 au 1827 Mfaransa Nicéphore Niépce alichukua bamba la madini, akalipaka lami laini, akaliweka ndani ya kamera dirishani kwake, akalielekeza kwenye mapaa ya nje. Lami ile ilikuwa ya aina inayogandamana inapopigwa na jua. Akaliacha hapo kwa saa nyingi. Kisha akaosha sehemu zilizobaki laini, na ikabaki taswira hafifu ya majengo. Ndiyo picha ya kamera ya kale zaidi iliyosalia. Ukiitazama kwa makini, jua linapiga kuta za pande zote mbili, kushoto na kulia, kwa sababu wakati bamba limekaa pale jua lenyewe lilitembea kutoka upande mmoja wa anga hadi mwingine.

Nimeisoma aya hiyo ya kadi yangu mara tatu nikitafuta kitenzi cha alichokifanya Niépce. Aliliweka bamba juani mpaka likauke mahali panapopaswa kukauka. Aliliangazia? Ndiyo, lakini kuangazia ni kazi ya taa. Mtu hafanyi kitu isipokuwa kuwasha. Aliliacha wazi? Ndiyo, ila hakuna jua humo. Alilianika. Alilianika bamba kama mtu anavyoanika nafaka, kwa kusudi, kwa muda aliouhesabu, akijua lipi litokee likipungua na lipi likizidi.

Baada ya hapo "anika" haikuniacha. Tofauti na "fichua", "funua" na "umbua", hakirudishi nyuma tendo lingine. Hakisemi kulikuwa na kifuniko. Kinasema kitu kimetandazwa mbele ya jua au hewa. Ni "kuweka nje" ya Kilatini. Tena kina kitendua chake, kitu ambacho Kiingereza hakina kwa neno moja: anua. Nguo zimeanikwa, wingu limefunga, mtu anapiga kelele "anueni nguo!" Kila mtu anajua la kufanya. Jaribu kumwambia Mwingereza kwa kitenzi kimoja aondoe kitu mbele ya kile alichokuwa amekiweka mbele yake.

Nimekumbuka pia kwamba watu wanakitumia hivyohivyo kwa mambo yasiyo ya nguo. Amejianika mitandaoni. Amemwanika mwenzake mbele za wakwe. Siri zimeanikwa. Hapo jua limegeuka kuwa macho ya watu, bila mwalimu yeyote wa tafsiri kuwaelekeza.

Kwa mpiga picha wa leo, hata hivyo, sitaandika "anika". Kifuniko cha kamera kinafunguka kwa sehemu ya 1/125 ya sekunde. Hakuna anayeanika kitu kwa muda huo. Nimeandika "kuipa picha mwanga", kisha "picha imepewa mwanga mwingi" na "imepewa mwanga mdogo". Ukipunguza muda kutoka 1/60 hadi 1/125, umeipa karibu nusu ya mwanga wa mwanzo. Sentensi hiyo inasomeka bila kukwama, na kwangu hicho ndicho kipimo. Bamba la Niépce nimeliweka kama mfano chini ya "anika", peke yake.

Siku ya 9

Rundo kubwa: maovu. Humu Kiingereza kinatumia kitenzi kimoja kwa wizi na kwa mwizi. Kiswahili hakikubali. Unafichua wizi, unamuumbua mwizi. Ukisema umemfichua mwizi, mimi naelewa umeonyesha alipojificha au umetaja jina lake. Ukisema umemuumbua, umeonyesha alivyo, na watu wamemwona. "Umbua" inamrudisha mtu nyuma ya kuumbwa kwake: sura aliyokuwa nayo mbele ya watu imevunjwa. Ndiyo maana haifai kwa wizi wala kwa waraka.

Methali inavyosemwa ni ushahidi mzuri. Mficha maradhi, wengine humalizia kifo humuumbua, wengine kilio humfichua. Zote nimezisikia na zote zinasimama, lakini si kitu kimoja. Kilio kinapomfichua, majirani wamejua kwamba alikuwa mgonjwa. Kifo kinapomuumbua, wamejua na yeye amefedheheka.

Kisha maneno yaliyotoka Kiarabu. "Kashfa" na "kashifu" yana mzizi wa k-sh-f, ambao kwa Kiarabu ni kufunua tu, hata daktari akimpima mgonjwa au mchaji Mungu akifunuliwa siri. Kwetu limefika likiwa limebeba doa: kumkashifu mtu ni kumtukana kwa kumtangazia mabaya, ya kweli au ya kusingiziwa. "Fedheha" nayo inatoka kwenye kitenzi cha kufunua aibu ya mtu. Kwa hiyo mfasiri akiandika kwamba gazeti limemkashifu waziri, amelihukumu gazeti. Akiandika limemuumbua, amemhukumu waziri. Akiandika limefichua aliyoyafanya waziri, amewaachia wasomaji. Kiingereza hapa kiko karibu na la tatu, kikiegemea la pili. Hili nimeliandika kwenye kitomeo, yaani maelezo yote ya neno hili kamusini, kwa herufi nzito, kwa sababu tafsiri ya namna hii inaweza kumfikisha mtu mahakamani.

Siku ya 10

Nimepotea njia kidogo, nikaingia kwa jirani yake, "reveal". Nitakifanya nikifika R, lakini nahifadhi hapa nisije nikasahau. Ndani yake kuna "velum", pazia au utaji. Kufunua ni kuondoa pazia. Kigiriki cha "apokalypsis" kina picha hiyohiyo. Waliotupa "Ufunuo wa Yohana" walilishika neno hilo barabara, mzizi kwa mzizi. Kwa aya za Kurani Kiingereza kinatumia kitenzi kilekile, lakini sisi tunasema aya imeteremshwa, kama Kiarabu kinavyosema. Hakuna pazia, kuna juu na chini. Mfasiri akiandika "aya ilifunuliwa" msomaji Mwislamu ataelewa, ila atajua papo hapo kwamba maneno yamepitia Kiingereza.

Siku ya 12

Nimerudi kwenye magonjwa, rundo lililonileta.

Nimempigia yule muuguzi. Nilikuwa na woga, lakini alifurahi. Nikamsomea "waliokuwa karibu na mgonjwa". Akanyamaza kidogo.

"Kwa kikohozi, sawa," akasema. "Kwa sindano, si sawa, kaka. Mgonjwa anaweza kuwa ameshaondoka. Sindano ndiyo iliyobaki."

"Na 'waliokutana na virusi'?"

"Hiyo wanaielewa. Kukutana si kuambukizwa. Mtu anakutana na simba na anarudi nyumbani."

Nimeyaandika maneno hayo kama alivyoyasema. Tatizo lote la kitenzi hiki katika afya ni hapo: kinasema mtu amewekwa mbele ya hatari, hakisemi hatari imemfanya nini. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU anaitwa kwa neno hilohilo, na huenda hana virusi kabisa. Kwake sitafuti neno moja. "Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU" inasema ukweli wote na haimpi mtoto ugonjwa asiokuwa nao.

Siku hizi kumeenea "mfiduo" katika tafsiri za mambo haya. Nimemuuliza. Hajawahi kulisikia kwa mgonjwa wala kwa daktari. Sitaliweka. Neno ambalo msomaji lazima afafanuliwe wakati ameshika sindano iliyomchoma halimsaidii.

Kuna mtego mmoja zaidi, ambao angalau nimeuona kabla haujaninasa. Wanaokokotoa mwendo wa magonjwa kwa hesabu wana modeli inayogawa watu makundi manne kwa herufi S, E, I na R. E ni ya kitenzi chetu, lakini humo haina maana ya waliokutana na kijidudu. Ni ya walioambukizwa tayari, ila bado hawajaanza kuwaambukiza wengine. Mtu akifasiri makala ya hesabu hizo kwa "waliokutana na virusi" atakuwa amewatoa wagonjwa kwenye orodha. Kwa hao nimeandika "walioambukizwa ambao bado hawaambukizi".

Siku ya 13

Baridi, jua, upepo. Mpanda mlima aliyepotea na kufa: alikufa kwa baridi. Kiingereza kinasema alikufa kwa kuwekwa wazi, hakitaji muuaji. Mara nyingi muuaji ni baridi, lakini jangwani huwa ni joto na kiu. Mfasiri asome alikofia mtu kabla ya kuandika. Ngozi na jua: "kukaa juani muda mrefu". Nyumba kileleni: "iko wazi kwa upepo".

Siku ya 15

Kitomeo kimekamilika, siku moja nje ya wiki mbili. Hakuna mfululizo wenye mikato. Kinaanza na maswali mawili, nani alikificha na kimewekwa mbele ya nini, na maana zimepangwa kwa jibu la swali la pili: mbele ya macho ya watu, mbele ya jua na hewa, mbele ya ugonjwa, mbele ya hasara, mbele ya mwanga wa kamera. "Anika" inatangulia, na "fichua" imekaa ndani ya maana ya kwanza, na sharti lake kando yake.

Nimemtumia muuguzi sehemu ya afya. Amejibu jioni: nibadilishe "virusi" iwe "virusi au damu ya mgonjwa", kwa sababu mtu aliyejichoma hajui kama damu ile ilikuwa na virusi, na asingoje kujua. Nimebadilisha.

Kesho ni nomino yake, "exposure". Kadi 34.